Shangazi, nilirudisha hela ya watu bila kumfikiria Mungu

SWALI

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni kijana wa kiume, naishi Mwanza. Nilimaliza shahada ya ualimu, masomo yangu ni baiolojia na kemia. Ajira bado, kwa hiyo nimefungua kibanda cha uwakala wa pesa karibu na stendi ya daladala. Baba yangu ni mwinjilisti na nimelelewa kanisani tangu nikiwa mdogo.

Siku za karibuni alikuja bibi mmoja kumtumia binti yake hela ya hospitali. Alinihesabia noti za elfu kumi kumi, mpya kabisa, zile zinazogandana. Nikamfanyia muamala, akaondoka. Kuja kuhesabu tena, elfu sitini imezidi. Hakuna aliyeona, na bibi mwenyewe asingejua kamwe. Nilifunga kibanda nikamkimbilia stendi, nikamkuta ameshakaa ndani ya gari, nikampa hela yake. Alilia.

Rafiki yangu wa bodaboda aliposikia akasema, "Wewe unamwogopa Mungu kweli kweli." Nikaitikia tu. Lakini usiku nilipojiuliza, ukweli ni kwamba sikumfikiria Mungu hata kidogo. Nilichokiona ni sura ya yule bibi na karatasi ya hospitali aliyokuwa ameikunja mkononi.

Sasa ndipo shida yangu ilipo. Chuoni tulisoma mageuko, yaani jinsi viumbe wanavyobadilika kidogo kidogo kizazi hadi kizazi, na siku hizi nasikiliza kwenye simu mihadhara inayosema kwamba maadili yetu yametokana na maisha ya wanyama walioishi kwa makundi, waliosaidiana wakapona, wakazaa. Ninapoyasikiliza naona yana ukweli. Kama dhamiri yangu ilitengenezwa na asili ili babu zetu wasiangamie, je, bado kuna jema na baya la kweli au tunajidanganya? Nimeanza kupoteza imani bila kujua? Na siku nyingine ikizidi laki sita, nini kitanizuia?

Baba amenipangia kuongoza semina ya vijana kuhusu maadili mwezi ujao. Yeye husema mageuko ni mafundisho ya shetani na kwamba asiyemjua Mungu hana maadili. Nikimweleza ninayowaza nitamvunja moyo, na presha anayo. Nikinyamaza nitasimama madhabahuni nikisema nisichokiamini. Nifanyeje?

Mwenye Maswali, Mwanza


JIBU

Marahaba mwanangu.

Kabla sijaanza kuandika safu hii nilifundisha baiolojia sekondari kwa miaka mingi, Tanga, na mimi ni Muislamu ninayesali. Nakwambia mapema ili ujue nimesimama wapi ninapokujibu.

Rafiki yako wa bodaboda aliona tendo jema, akalitafutia chanzo palepale ambapo karibu kila mtu huku kwetu angekitafuta. Mwaka 2019 watu wa nchi 34 waliulizwa kama ni lazima mtu amwamini Mungu ndipo awe mwema. Kwa jirani zetu Kenya, 95 katika kila 100 walisema ndiyo. Sweden walikuwa 9. Baba yako basi anasema ambalo halaiki ya watu wa ukanda huu wanalisema, na hakulitunga yeye.

Mwaka huohuo kulitoka utafiti mwingine ambao ningependa uukae nao. Watafiti walikwenda katika miji 355 ya nchi 40 wakiwa na pochi zaidi ya 17,000. Kila pochi waliikabidhi kwa mtu wa mapokezi, wa benki, wa hoteli, wa posta, wakidai wameiokota nje na wana haraka. Ndani mliwekwa kadi zenye jina na anwani ya barua pepe ya mwenyewe, karatasi ya mahitaji ya dukani na ufunguo. Nyingine zilikuwa na hela, nyingine hazina. Wachumi walitarajia kwamba hela ikiongezeka, warudishaji watapungua. Ikawa kinyume. Pochi zenye hela zilirudishwa zaidi kuliko zile tupu, na katika nchi tatu walizojaribu kuweka kiasi kikubwa, Marekani, Uingereza na Poland, zenye kiasi kikubwa ndizo zilizorudishwa zaidi ya zote. Sweden, wale wale wa 9 katika 100, walikuwa miongoni mwa warudishaji wakubwa.

Kwa hiyo hofu yako ya laki sita ina jibu la kiasi. Kwa watu wengi, hasara ya mwenzao inapokuwa kubwa, ndivyo inavyozidi kuwauma kuwa wao ndio walioisababisha. Sisemi kwamba wewe huwezi kuanguka. Kila mtu anaweza. Ila usijiwazie kama mtu aliyefungwa kwa kamba moja tu, ambaye ikikatika atageuka mwizi usiku huohuo.

Sasa hayo ya mageuko. Kwanza tuondoe kauli ya vijiweni kwamba sisi tumetokana na sokwe. Sokwe ni binamu yetu. Sisi na yeye tuna mzazi mmoja wa kale, aliyeishi kama miaka milioni 6 au 7 iliyopita, kisha kila mmoja akashika njia yake. Darwin, yule mwanasayansi Mwingereza wa nadharia ya mageuko, aliandika mwaka 1871 kwamba mnyama yeyote mwenye silika ya nguvu ya kuishi na wenzake, pamoja na mapenzi ya mzazi kwa mtoto, angefikia kuwa na dhamiri endapo akili yake ingekua kufikia au kukaribia ya binadamu. Zingatia kwamba alitaja mambo mawili. Silika ya kujali peke yake haitoshi. Dhamiri inataka pia akili inayokumbuka ulichofanya jana na kukipima, na inayoweza kujiuliza mwenzako atakuonaje.

Huo upande wa kujali huna haja ya kupanda ndege kwenda kuutafuta. Uko Kigoma, Gombe, ambako mtafiti Mwingereza Jane Goodall alianza kuwafuatilia sokwe mwaka 1960. Mwaka 1987 ugonjwa wa mapafu uliwaua sokwe kadhaa pale. Mtoto mmoja waliyemwita Mel, wa miaka 3 na kidogo, mgonjwa mgonjwa, aliachwa yatima bila kaka wala dada wa kumlea. Waliomfahamu hawakutegemea apone. Akatokea dume kijana, Spindle, wa miaka kama 12, asiye na undugu wa karibu na Mel, akamchukua. Kundi likisafiri alimbeba, mgongoni au tumboni. Usiku Mel akisogea kwenye ukingo wa kiota akilia, Spindle alinyoosha mkono akamvuta ndani. Alimgawia chakula akiomba. Na madume wakubwa wanapocharuka, wakikimbia huku na huku wakirusha chochote kilicho mbele yao, mtoto asiye na mama yuko hatarini. Spindle aliingia kati kumtoa, ingawa mara nyingi yeye ndiye aliyepigwa. Spindle naye alikuwa amefiwa na mama yake katika ugonjwa uleule.

Nimewasimulia wanafunzi wangu habari hii mara nyingi, na kila mara darasa linanyamaza. Huwezi kusema Spindle alisoma amri kumi. Huwezi kusema pia alipiga hesabu ya faida. Alikuwa na kitu ndani yake kinachoshtuka mdogo anapolia, na kitu hicho kimekuwepo kwa viumbe wanaolea watoto tangu zamani sana kabla yetu.

Samburu, Kenya, Oktoba 2003, tembo jike aliyeongoza familia yake, Eleanor kwa jina walilompa watafiti, alianguka. Dakika chache baadaye Grace, jike kiongozi wa familia nyingine kabisa, alikuja kwa kasi, akamwinua kwa pembe zake. Eleanor akaanguka tena. Grace alibaki akimsukuma asimame, akilia, kundi lake likiwa limeshaondoka. Kesho yake Eleanor alikufa.

Kuna pia lile jaribio maarufu la mwaka 2003 la vijinyani wa Amerika ya Kusini, ambao wawili walifanya kazi ileile lakini mmoja akalipwa tango na mwenzake zabibu, na wa tango akagoma. Hilo nalitaja kwa tahadhari. Watafiti wengine walirudia wakapata majibu tofauti, wakasema huenda yule kijinyani alichukizwa tu kuona kitu kitamu zaidi kipo na yeye hapewi, wala si suala la haki. Mwanasayansi mzuri hulisema hilo waziwazi, na wewe ukiwa mwalimu wa baiolojia ulizoee.

Lakini usitoke Gombe na nusu ya habari. Kati ya mwaka 1974 na 1978, kundi kubwa la sokwe wa pale lilipogawanyika, madume wa upande mmoja waliwavizia wa upande wa pili, mmoja baada ya mwingine, wakawapiga hadi wakaisha. Walikuwa wamekua pamoja na kuchambuana manyoya. Mzizi uleule unaomfanya mnyama awe tayari kuumia kwa ajili ya wa kwake ndio unaoweza kumfanya awe mkatili kwa asiye wa kwake. Nasi tumeurithi wote, mtamu na mchungu. Ukanda wetu wa Maziwa Makuu umeona mwaka 1994 Rwanda jinsi unavyofika mbali, na walioua na waliouawa wengi walikuwa wakisali makanisa yaleyale.

Hapo ndipo jibu la swali lako kubwa linapoanzia. Mageuko yanaweza kukueleza umepataje uwezo wa kuumia kwa ajili ya yule bibi. Hayawezi kukuamulia kwamba kumrudishia ni jema. Kama "imetokana na asili" ingetosha kuwa ruhusa, basi vita vya Gombe navyo vingekuwa ruhusa. Kupima ni kazi nyingine, inayofanywa na akili, na malezi, na dini, na wazee waliokukanya, na vitabu ulivyosoma.

Wala chanzo cha kitu hakifuti ukweli wake. Jicho lako nalo ni zao la mageuko, lilikua kidogo kidogo kwa sababu aliyeona aliishi kuliko asiyeona. Hakuna anayesimama Kapripointi, hapo kwenu Mwanza, akasema Ziwa Victoria ni njozi kwa sababu macho yake yana historia. Utanijibu kwamba wema haushikiki kama maji, na ni kweli, mfano wangu una mwisho wake. Lakini rudi kwenye siku ile. Bibi alikuwepo. Hela ilikuwa yake. Mgonjwa alikuwa akisubiri. Hayo hayakutungwa na jeni zako. Ulichorithi ni uwezo wa kuyaona na kuguswa nayo, na hayo yenyewe ndiyo sababu ya kurudisha hela, sababu kamili, isiyohitaji nyingine nyuma yake ili isimame.

Je, dini basi haina kazi? Mimi naamini ina kazi kubwa, na hata wanaoichunguza kwa jicho la kisayansi wanaiona. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika katika jamii 8 duniani, mojawapo Wahadza wa kandokando ya Ziwa Eyasi, hapa kwetu. Washiriki walikuwa 591. Kila mtu alikaa peke yake na sarafu 30, vikombe viwili na dadu yenye rangi mbili. Kwa kila sarafu, unachagua kikombe kimoja moyoni, unarusha dadu. Rangi moja inakuagiza uweke pale ulipochagua, nyingine inakuagiza uweke kile kingine. Kikombe kimoja ni cha mtu wa imani yako anayeishi mbali, usiyemjua. Kingine ni chako, au cha mtu wa kijijini kwako. Ulichagua kipi moyoni hakuna anayejua, kwa hiyo kudanganya ni rahisi mno. Waliosema Mungu wao anajua mawazo ya watu na anaadhibu walimtendea haki zaidi yule wa mbali.

Unaona kilichofanyika? Huruma ya Spindle humfikia yule anayelia mbele ya macho yako. Kwa mtu wa mbali, ambaye hutaona sura yake wala karatasi yake ya hospitali, huruma inapungua nguvu, na hapo imani imewasaidia watu kunyoosha mkono zaidi. Wewe ulimwona bibi. Je, kama ungekuwa muamala uliokosewa, namba tu kwenye skrini, ya mtu wa Mtwara? Lipime hilo kwa dhati, kwa sababu katika kazi yako litatokea, na huenda siku hiyo ndiyo utakayohitaji kumkumbuka Mungu.

Hata hivyo kuyajua maandiko peke yake hakutoshi, na hili ulichukue uende nalo semina. Mwaka 1973 yalichapishwa majibu ya jaribio lililofanywa kwa wanafunzi wa teolojia huko Princeton, Marekani. Walitakiwa kwenda jengo la pili kutoa hotuba fupi, na baadhi yao mada ilikuwa mfano wa Msamaria mwema. Njiani aliwekwa mtu ameinama mlangoni, akikohoa na kuguna. Wasiokuwa na haraka walisimama kumsaidia 63 katika 100. Walioambiwa wamechelewa, 10 katika 100. Kuwa na Msamaria kichwani hakukuleta tofauti kubwa.

Kuhusu imani yako, sioni kwamba umeipoteza. Umegundua tu kwamba wema ulishakaa ndani yako kabla hujaanza kuuwazia, na mapokeo yetu wote wawili yanalijua hilo. Baba yako anaifahamu Warumi sura ya 2, pale Paulo anapowataja watu wa Mataifa wasio na torati ambao hutenda ya torati kwa tabia yao, dhamiri ikiwashuhudia, kwa kuwa kazi ya torati imeandikwa mioyoni mwao. Sisi tunasoma katika Suratu Shams kwamba Mwenyezi Mungu aliiumba nafsi akaifahamisha uovu wake na wema wake. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, huko Basra na Baghdad, wanazuoni wa Kiislamu walibishana vikali: Mu'tazila wakasema akili ya mtu inaweza kulijua jema hata kabla ya ufunuo, Ash'ari wakasema jema ni lile aliloamuru Mungu. Walikuwa waumini pande zote mbili. Swali lako si la wasioamini peke yao, mwanangu, na mtu anaweza kuamini kwamba Mungu aliandika moyoni kwa kalamu aliyoitaka Mwenyewe, hata kama kalamu hiyo ni mamilioni ya miaka ya wanyama kulea watoto wao. Mimi naamini hivyo. Sayansi hainilazimishi kuamini hivyo wala hainikatazi. Wapo wanaoyakubali yaleyale ya Gombe na wasione haja ya Mungu, nao pia wanarudisha hela za watu.

Sasa baba yako. Ongea naye kabla ya semina, msiwe na watu, na usianze na neno mageuko, kwa sababu kwake neno hilo limeshabeba ugomvi mwingine. Anza na bibi. Mwambie yote, pamoja na kwamba hukumfikiria Mungu wakati ule. Kisha umwombe akufundishe: "Baba, Paulo anaposema imeandikwa mioyoni, alimaanisha nini?" Uulize kwa kutaka kujua. Mwinjilisti wa miaka mingi ameshawaona wapagani wema na washirika waovu wengi kuliko wewe, ana la kukwambia. Akikuuliza moja kwa moja kama unakubali mageuko, usimdanganye. Mjibu kwa heshima, na umwambie hujamwacha Mungu, kama kweli hujamwacha. Presha ni sababu ya kuchagua saa nzuri na sauti ya upole. Haiwezi kuwa sababu ya kumwongopea mzazi kwa miaka.

Semina iongoze. Usiseme kwamba asiyeamini hana maadili, kwa kuwa huliamini hilo na vijana watakusikia sautini. Yako mengi unayoyaamini kabisa ya kujaza saa nzima. Wape habari ya elfu sitini bila kutaja kuwa ni wewe, waulize wangefanyaje na kwa nini, waache wabishane. Kisha mfano wa Msamaria, kisha wale wanafunzi wa Princeton wenye haraka. Halafu waulize ni nani katika mtaa wenu ambaye ninyi nyote mnampita kila siku kwa haraka. Baba akiwa amekaa mstari wa mbele hatakuwa na neno la kukataa hapo.

Na kibandani, hesabu noti mpya mara mbili mteja akiwa bado amesimama mbele yako. Niandikie baada ya semina uniambie vijana walijibu nini.

Shangazi